Nani Aliyeipunguza Pishi?

 

Ndugu msomaji, ughali wa vitu ni jambo lisilohitaji kuelezwa na mwenye elimu. Mama mwenye nyumba huujua kabla ya Waziri wa Fedha, kwani yeye ndiye aendaye sokoni na noti ile ile ya juzi, akarudi na kikapu kilichopungua. Lakini kuujua ughali ni jambo moja, na kujua ni nani atakayeulizwa habari yake mbele ya Mola ni jambo jengine. Wengi wetu humlaumu mwenye duka, kwa kuwa yeye ndiye tunayemwona. Wengine husema ni kadari ya Mungu, wakanyamaza. Makala haya yanataka kuuliza swali ambalo halisikiki sana katika darasa zetu: serikali inapotumia kuliko inavyopata, na bei zikapanda kwa sababu hiyo, je, hiyo ni ajali tu ya dunia, au ni dhuluma yenye mwenyewe?

Tuanze na Hadithi inayoletwa mara nyingi katika mlango huu. Imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.), na kutolewa na Abu Daud na Tirmidhi, kwamba bei zilipanda Madina, na watu wakamwomba Mtume (S.A.W.) awapangie bei. Akakataa. Akawaeleza kwamba upangaji wa bei uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye anataraji kukutana na Mola wake hali ya kuwa hapana anayemdai dhuluma, ya damu wala ya mali.

Wako wanaoishika nusu ya kwanza ya Hadithi hii na kuiacha nusu ya pili. Husema: bei ni ya Mungu, basi hapana wa kuulizwa. Lakini tazama, msomaji wangu, ni nani anayeogopa kudaiwa mali katika maneno haya. Ni Mtume mwenyewe, naye ndiye mtawala wa mji. Wafanya biashara wa Madina hawakuwa wamefanya kosa. Bidhaa zilikuwa chache, na kuwalazimisha wauze kwa hasara kungekuwa ni kuwadhulumu. Basi ikiwa mtawala aliye bora kuliko wote aliogopa kuligusa soko kwa kuweka bei tu, itakuwaje kwa mtawala anayekigusa kile kitu chenyewe ambacho bei zote zinahesabiwa kwacho?

Hapa yatupasa kutenganisha mambo mawili ambayo sokoni yana sura moja.

La kwanza ni uchache wa vitu. Mvua ikikosekana, mahindi huadimika. Nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta mwaka 1973, nauli ilipanda kila pahali duniani. Vita vilipoanza Ukraine mwaka 2022, ngano na mafuta ya kupikia vilipanda mpaka kwetu huku, na mwokaji mikate wa Mombasa hakuwa na kosa lolote. Huu ni mtihani, na dawa yake ni subira, kuhurumiana, na kuwazuia wenye kuficha vyakula ili bei zizidi.

La pili ni wingi wa fedha. Vitu viko vile vile, watu ni wale wale, lakini noti zimezidi. Tuseme kisiwa kimoja kina pishi 100 za mchele, na mikononi mwa watu mna shilingi 1,000 za kuununulia. Kila pishi itauzwa shilingi 10. Usiku mmoja mwenye hazina akachapisha shilingi 500 nyengine, akawalipa watumishi wake na kununua anachotaka. Mchele haukuongezeka hata punje. Shilingi zimekuwa 1,500, na haitachukua muda pishi itakuwa shilingi 15. Kweli, kama yako mashamba yaliyolala na vijana wasio na kazi, huenda fedha hiyo ikawaamsha watu wakalima, na mchele nao ukaongezeka. Hapo bei hazitakwenda mbali. Lakini fedha ikitumiwa kwa fahari, au kwa kupeana, au kwa kazi isiyozalisha kitu, hapana kinachoongezeka ila bei. Hali hii ya bei zote kupanda pamoja na kuendelea kupanda ndiyo iitwayo mfumuko wa bei.

Kila mwaka, mwezi wa Juni, tunasikia Waziri akisoma bajeti, yaani makadirio ya mapato na matumizi. Matumizi yakizidi mapato, pana pengo, na pengo hilo halizibiki kwa hotuba. Njia za kuliziba ni nne. Serikali huongeza kodi. Na kodi huchukiza, lakini walau inaonekana. Au hukopa kwa watu wa nchini na mabenki yao. Hapo fedha huhama mfuko mmoja kwenda mwengine, na deni hubaki pamoja na riba yake. Au hukopa nje, na watoto wetu wakalipa. Au, njia ya nne, huiendea Benki Kuu yake na kuiambia: nipe. Benki Kuu ikaandika katika daftari, na fedha ambayo jana haikuwako leo ikawako. Njia hii ni nyepesi kuliko zote, kwa kuwa hapana Mbunge anayeipigia kura, hapana mkopeshaji anayedai, wala hapana mtoza kodi anayebisha mlango.

Mambo haya si mageni kwa Waislamu. Imamu wetu Shafi'i alichukia mtawala kupiga dirham zilizochanganywa madini duni, na Imam Nawawi (aliyefariki mwaka 676 H., yaani 1277) katika kitabu chake al-Majmuu ametaja sababu: kwamba hilo ni ghushi, linaharibu fedha, linawadhuru wenye haki zao, na linapandisha bei. Naye Imam al-Ghazali, katika Ihyaa, ametaja maoni ya baadhi ya waliotangulia kwamba kutoa dirham moja mbovu ni kubaya kuliko kuiba dirham 100. Kwani wizi ni dhambi moja iliyokwisha, na dirham mbovu huenda ikapita mkono hadi mkono miaka mingi baada ya aliyeitoa kufa, na dhambi yake ikimfuata kaburini.

Kisha akaja mtu aliyeyaona kwa macho yake. Taqiyyuddin Ahmad al-Maqrizi alikuwa mwanachuoni wa Misri, na mwaka 1399 alishika kazi ya muhtasib wa Cairo, yaani msimamizi wa masoko na vipimo. Mwaka 806 H. mto Nile ulipungua na njaa ikaingia. Mvua na mto ni mambo ya Mungu. Lakini Maqrizi aliona kwamba ughali ulizidi kiasi cha mto, na ulibaki hata pale shida ya maji ilipokuwa haitoshi kuueleza. Mwaka 808 H. (1405) akaandika risala juu ya ughali huo, akataja sababu tatu zilizotoka kwa wanadamu. Ya kwanza, vyeo vya serikali na vya dini vilikuwa vikinunuliwa kwa rushwa, na aliyenunua cheo akawakamua raia ili arudishe alichotoa. Ya pili, kodi za ardhi zilipandishwa mpaka wakulima wakaiacha ardhi. Ya tatu, wenye mamlaka walijaza nchi sarafu za shaba, zilizoitwa fulus. Zamani fulus zilikuwa za kununulia vitu vidogo vidogo vya nyumbani. Katika enzi ya Sultani Barquq shaba ikaagizwa kutoka Ulaya na sarafu zikapigwa kwa wingi, kwa kuwa zilikuwa na faida kubwa kwa wenye kuzipiga, mpaka zikawa ndizo fedha za nchi, na dhahabu na fedha halisi zikatoweka mikononi mwa watu.

Maqrizi akawagawa watu wa Misri mafungu saba, akaeleza nini kilimpata kila mmoja. Miongoni mwa walioumia vibaya akawataja mafakihi na wanafunzi wa elimu waliokuwa wakiishi kwa posho. Posho ilibaki ile ile kwa hesabu, na mkate ukawakimbia. Yeyote anayemjua mwalimu wa chuo katika mitaa yetu hatahitaji tafsiri ya hayo.

Sasa tutoke Cairo tuje kwetu, kwa kuwa yaliyotokea Kenya miaka ya 1992 na 1993 yanafanana na hayo kwa namna ya kutisha.

Mwezi wa Novemba 1991 wafadhili wa nje walisimamisha misaada yao kwa Kenya. Mwaka uliofuata ulikuwa mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu kurudishwa kwa vyama hivyo, nao ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Fedha ilitakiwa, na fedha haikuwako. Wakati huo huo palikuwa na ile kashfa ya Goldenberg: serikali ilitoa malipo makubwa kwa kampuni iliyodai kuuza dhahabu na almasi nchi za nje, ijapokuwa Kenya haina almasi ya kuuza na dhahabu yake ni kidogo. Tume ya Jaji Bosire iliyoundwa mwaka 2003 iliyasikiliza mambo hayo hadharani. Fedha ikamwagika nchini. Noti mpya za shilingi 500 zikagawiwa katika kampeni, na watu wakazipachika lakabu ya mwanasiasa mmoja kijana wa siku hizo. Mwaka 1993 bei zilipanda kwa kiasi cha asilimia 46.

Tupige hesabu ya hiyo asilimia 46. Mjane aliyekuwa na shilingi 10,000 amezihifadhi sandukuni, mwaka ulipokwisha alikuta shilingi 10,000 zake zi pale pale, hapana aliyezigusa. Lakini ziliweza kununua kile tu ambacho mwaka uliotangulia kingenunuliwa kwa shilingi 6,850 hivi. Zaidi ya shilingi 3,000 zimetoka sandukuni bila ya kufuli kuvunjwa.

Na dawa iliyotumiwa baadaye haikuwa nyepesi kuliko maradhi. Ili kuzivuta noti zilizomwagika, serikali iliuza hawala za Hazina, nayo riba yake katikati ya mwaka 1993 ilipita asilimia 70 kwa mwaka. Ni nani aliyekuwa na fedha ya kununua hawala hizo? Si mvuvi wa Kizingitini, wala si mchuuzi wa Kongowea. Mwenye nazo alizidishiwa, na riba ile ikalipwa kwa kodi za wasio nazo. Hivi ndivyo kosa la kwanza lilivyozaa la pili, na riba aliyoiharamisha Mwenyezi Mungu ikawa ndiyo mfereji wa kumaliza mafuriko.

Ndugu zetu wa Tanzania nao wana yao. Ukame, mafuta ghali, vita na Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979, na mashirika ya umma yaliyokuwa yakila hasara na kufidiwa na mabenki, vyote vilikutana. Hapo uchache wa vitu na wingi wa noti vilikwenda pamoja. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kiasi cha shilingi 8. Mwaka 1990 ilikuwa kiasi cha shilingi 195.

Nataka tuitazame hesabu hiyo kwa jicho la Sheria, maana hapa ndipo penye fundo la maneno yangu. Tuseme mtu alioa mwaka 1980 kwa mahari ya shilingi 8,000, akaziweka deni kama ilivyo ada ya wengi. Siku ile zilikuwa karibu na dola 1,000. Mume akafa mwaka 1990, na warithi wakataka kumlipa mjane haki yake kabla ya kugawa mirathi. Wakimhesabia shilingi 8,000, wamempa dola 41 hivi. Je, wamemlipa?

Wanavyuoni wamelijadili jambo hili tangu zamani. Jamhuri yao, na wa madhehebu yetu miongoni mwao, wamesema deni hulipwa kwa mfano wake: uliyekopa mia utalipa mia. Imam Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alisema kuhusu fulus kwamba zikibadilika thamani italipwa thamani yake. Na mwaka 1988 Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait, iliamua kwamba madeni ya fedha za noti yalipwe kwa idadi yake, wala yasifungwe na kupanda kwa bei. Sababu iko wazi: mlango wa nyongeza ukifunguliwa, riba itaingia ikiwa imevaa kanzu.

Basi zingatia. Sheria imemfunga mdai asidai zaidi ya idadi, na imemtosheleza mdaiwa kwa idadi. Imefanya hivyo kwa kuichukulia idadi ile kuwa ni kipimo cha kweli. Mjane hana njia ya kudai kilichopungua, yatima hana, mwenye kukopesha kwa ajili ya Mungu bila riba hana. Wote wamejisalimisha kwa kipimo. Kwa hiyo mwenye kukishika kipimo hicho ameshika amana kubwa kuliko ya kadhi. Na akikipunguza, ameigeuza hukumu ya haki iwe chombo cha kupunja, na mpunjwaji hana hata wa kumshitaki.

Nabii Shuaib (A.S.) alipotumwa kwa watu wa Madyan, baada ya kuwaita katika ibada ya Mungu mmoja aliwakataza kupunguza pishi na mizani. Na katika Qur'ani iko sura nzima iliyopewa jina la wapunjao, Suratul-Mutaffifin. Sisi huisoma tukamfikiria muuza samaki mwenye mizani iliyopinda. Yeye yumo bila shaka. Lakini muuza samaki huwapunja wateja wake wachache. Noti ni pishi ya nchi nzima. Anayeipunguza amewapunja kwa mara moja wenye mishahara, wenye pensheni, wakfu za misikiti zenye kodi ya nyumba isiyobadilika, na mtoto aliyewekewa akiba ya kusomea. Na waliofaidika ni wale waliozipokea noti mpya mwanzo kabla bei hazijapanda, na wenye madeni makubwa, na wenye majumba na dola. Fedha imetoka kwa mnyonge ikenda kwa mwenye nguvu, na jina lake halikuandikwa katika bajeti yoyote.

Huenda mtu akauliza: je, serikali isijenge hospitali? Isilishe watu wakati wa njaa? La, itumie, na kwa hayo ndiyo tumeiweka. Katika Mwaka wa Ramada, mwaka wa 18 wa Hijra, njaa ilipowashika watu wa Hijazi, Sayyidna Omar (R.A.) aliwaandikia magavana wake wa miji mengine, na misafara ya ngamia ikaja imebeba unga na mafuta. Alileta chakula, kwani njaa haiondoki kwa kuongeza dinari. Na yeye mwenyewe akajizuia kula samli mpaka watu waipate, hata rangi yake ikabadilika. Hapo pana mafunzo mawili kwa kila mwandishi wa bajeti: dharura hutibiwa kwa vitu vya kweli, na mtawala huwa wa kwanza kufunga mkanda. Anayehitaji zaidi awaambie watu, atoze kodi mbele ya macho yao, nao wamhesabu. Lililo haramu ni kuchukua kwa siri kile ambacho ungeona haya kukiomba kwa dhahiri.

Lakini, ndugu yangu, tusiwasomee hukumu wakubwa peke yao. Mwaka 1992 noti zile hazikuanguka kutoka mbinguni. Mikono ilinyooshwa ikazipokea. Aliyepokea shilingi 500 ya kampeni alidhani amepewa, kumbe ameuziwa pishi yake mwenyewe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Kila tunapomtaka mgombea atugawie, tunamtuma akazitafute, na mwenye hazina hana shamba anakozilima. Naye mwenye duka anayeficha sukari akingoja bei, asijifiche nyuma ya serikali. Ihtikari ni dhambi yake mwenyewe, na ughali wa jumla haumtakasi.

Basi tufanye nini majumbani mwetu?

Kwanza, tusicheleweshe haki. Mahari ilipwe mapema. Na kama haina budi kuwa deni, basi iwekwe kwa dhahabu yenye uzito maalumu, jambo ambalo Sheria inalikubali, na ambalo wazee wetu walilijua walipowaoza binti zao kwa vyombo vya dhahabu.

Pili, mwenye kudaiwa akumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alikopa ngamia mdogo akalipa aliye bora kuliko yeye, akausifu ulipaji mwema. Ziada isiyoshurutishwa, itokayo katika moyo wa mdaiwa anayeona noti zimeporomoka, ni ihsani. Warithi wa yule bwana wa 1980 hawakulazimishwa kwa fatwa ya jamhuri kumpa mjane zaidi ya 8,000. Lakini wao wanajua walichobaki nacho.

Tatu, walezi wa mayatima na wasimamizi wa wakfu wasiache mali ikilala katika noti. Mali ya yatima iingizwe katika kitu chenye kushika thamani yake, isije ikaliwa na wakati.

Nne, bajeti isomwapo tusikilize neno moja kabla ya yote: pengo ni kiasi gani, na litazibwa kwa njia gani. Sheria ya Benki Kuu ya Kenya, baada ya balaa lile, imeweka mpaka wa kile serikali inachoweza kujipatia moja kwa moja kwa benki hiyo, asilimia 5 ya mapato yake yaliyokaguliwa. Mpaka ulioandikwa hulindwa na watu wanaoujua. Tumwulize Mbunge wetu habari yake kama tunavyomwuliza habari ya barabara.

Tazama hekima ya Sheria yetu. Zakatul-Fitri haikuwekwa kwa idadi ya sarafu. Imewekwa kwa chakula, pishi moja kwa kila kichwa. Karne kumi na nne zimepita, falme zimekuja na kuondoka pamoja na sarafu zao, na pishi ya Fitri ya maskini wa Lamu ni ile ile ya maskini wa Madina. Hakuna sultani aliyeweza kuipunguza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa haki ya mnyonge iwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu khofu ya siku ambayo kila mwenye kipimo atapimwa, atubariki katika riziki zetu zilizo chache, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaotimiza pishi wanapopima na wanapopimiwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.